Nakshi za India, kwenye jiwe na kwenye kitambaa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na wanunuzi wa vitambaa, wanaopanga safari ya India, maseremala na washonaji wanaotafuta michoro, na wale waliosimama tu mbele ya mlango wa Mji Mkongwe wakabaki wanajiuliza. Ukikuta "tazama swali la 5", jibu liko huko, sitalirudia.

## Mwanzo wa mambo

1. Nakshi za Kihindi zina mtindo mmoja?

Hazina. Maua ya Agra ya Kimughal, yaani ya zama za wafalme Waislamu walioitawala India ya kaskazini, duara la yungiyungi la Sanchi, pembetatu za kabila la Wawarli wa Maharashtra na vitone vya bandhani, kitambaa cha Kutch, Gujarat, kinachofungwa mafundo kabla ya kutiwa rangi, havikuzaliwa nyumba moja. Vinafanana kwa tabia moja tu, tabia ya kuhama. Mchoro uliouona jana kwenye jiwe utaukuta leo kwenye pindo la sari na kesho kwenye sinia. Ukiishika hiyo, mengi yaliyo hapa chini yatakuwa mepesi.

Hata neno lenyewe limehama. Sisi tunasema nakshi, Waurdu wanasema naqsh, na Bengal kuna nakshi kantha, yaani sari kuukuu zilizopangwa tabaka kwa tabaka zikatariziwa kuwa mfarishi. Sote tumelitoa kwenye Kiarabu.

2. Nani alitangulia, mjenzi au fundi wa kazi za mikono?

Watu wengi hudhani jengo lilitangulia na mafundi wa nguo wakaiga. Nenda Sanchi, Madhya Pradesh, kwenye lile kuba kubwa la Wabudha. Malango yake ya mawe yalichongwa karne ya 1 kabla ya Kristo, na nguzo ya lango la kusini ina maandishi yanayosema kazi ile ilifanywa na wachonga pembe za ndovu wa mji wa Vidisha. Basi waliozoea kushika pembe mapajani na kuchonga vitu vya kutosha kiganjani ndio waliopewa jiwe la lango. Ukilitazama tena baada ya kujua hilo, unaelewa kwa nini hakuna hata nafasi ya kuweka kidole bila kugusa jani, ndovu au mtu. Hiyo ni pupa ya mchonga pembe, ambaye malighafi yake ni ghali na hataki kupoteza hata inchi.

3. Je, nakshi za mahekalu ni za Kihindu na za misikiti ni za Kiislamu, basi?

Kwenye karatasi, ndiyo. Kwenye jengo, mambo huchanganyika, kwa sababu mara nyingi mafundi walikuwa walewale. Pale Ahmedabad, Gujarat, misikiti ya karne ya 15 ina minara ambayo chini yake pamechongwa vidaka. Katika hekalu, kidaka cha namna ile kingekaa sanamu ya mungu. Msikitini fundi ameacha kidaka, ameacha fremu yake na nguzo zake ndogo, ila ndani ameweka mti au maua. Mteja alibadilika, na patasi ikabaki ileile.

## Kwenye majengo

4. Jali ni nini, na ina kazi gani zaidi ya urembo?

Jali ni bamba la jiwe lililotobolewa tundutundu hadi likawa kama wavu, kisha likapachikwa mahali pa dirisha. Hukata ukali wa jua, hupitisha upepo, na aliye ndani humwona aliye nje bila yeye kuonekana. Anayekulia Lamu au Unguja hahitaji kuelezwa faida ya mambo hayo matatu.

Nyingi ni za maumbo ya hesabu: nyota, pembe sita, pembe nane, zinazojirudia. Fundi huchora kwa bikari na rula, hutoboa tundu katikati ya kila umbo, kisha hupanua kuelekea kwenye mstari. Hatari iko mwishoni, jiwe linapokuwa jembamba. Pigo moja la haraka na kazi ya miezi imekatika katikati. Kaburi la walii Salim Chishti huko Fatehpur Sikri, karibu na Agra, lina jali za marumaru nyembamba kiasi kwamba ukiwa mbali utadhani ni pazia.

Ila jali inayonishinda kuisahau ni ya msikiti wa Sidi Saiyyed, Ahmedabad, wa mwaka 1572 hadi 1573. Hapa fundi aliweka rula kando. Katika nusu duara moja ya jiwe umechongwa mti ambao matawi yake yanajizungusha, yanapitana, yanajaa kila pembe, na kati yao umesimama mnazi au mtende. Hakuna upande unaorudia mwenzake sawasawa. Aliyeujenga msikiti huo, Sidi Saiyyed, alikuwa Mhabeshi, mmoja wa Waafrika waliopanda vyeo katika jeshi na serikali ya Gujarat. Masidi, wenye asili ya Afrika, wapo Gujarat hadi leo. Tao la katikati limezibwa kwa mawe ya kawaida. Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba majeshi ya Akbar, mfalme wa Kimughal, yaliichukua Gujarat kabla kazi haijakwisha.

5. Maua ya rangi ya Taj Mahal yamepakwa rangi?

Hayakupakwa. Kila petali ni kipande cha jiwe kilichopachikwa ndani ya marumaru. Kazi hiyo inaitwa parchin kari. Mfalme Shah Jahan alianza kulijenga kaburi la mkewe Mumtaz Mahal mwaka 1632, marumaru ikaletwa kutoka Makrana, Rajasthan, na vito vikatoka mbali zaidi. Lile jiwe la buluu iliyokolea, kwa mfano, ni la Afghanistan. Humo mna akiki, mna feruzi, mna yaspi.

Mafundi wa Agra bado wanaifanya, na ukipata nafasi ya kukaa karakana nusu saa, kaa. Marumaru nyeupe hupakwa rangi nyekundu ya udongo ili mchoro ukikwaruzwa kwa sindano ya chuma uonekane mweupe. Fundi mwingine ameketi kwenye gurudumu la kunoa, anasugua kipande cha akiki kisichozidi ukucha wa kidole kidogo, anakipeleka kwenye mchoro, hakiingii, anakirudisha kwenye gurudumu. Anakwenda na kurudi hivyo mara nyingi kwa petali moja. Kisha kitanda cha kila kipande huchimbwa kwenye marumaru kwa kina kidogo, gundi hutiwa, jiwe hukandamizwa, na mwisho vyote husuguliwa pamoja hadi kiganja kisihisi mpaka. Ua moja laweza kuwa na makumi ya vipande, maana kivuli cha petali hakipakwi. Hutafutwa jiwe ambalo limezaliwa na kivuli hicho.

Kabla ya Taj, kazi hii ilikwisha kukomaa kwenye kaburi la Itimad-ud-Daulah, ng'ambo ya mto Yamuna, ambalo malkia Nur Jahan alimjengea baba yake miaka ya 1622 hadi 1628. Ni dogo na halina msongamano, na kwa nakshi peke yake mimi ningekupeleka huko kwanza.

6. Yale mahekalu yaliyochongwa kama lasi, waliwezaje?

Sehemu ya siri ni jiwe. Mafundi wa ufalme wa Hoysala, kule Belur na Halebidu, Karnataka, walitumia jiwe la sabuni, ambalo huwa laini likitoka machimboni na hukaza likikaa hewani. Hekalu la Belur lilianzwa mwaka 1117, na sanamu zake zina mikufu ambayo unaweza kupitisha uzi nyuma yake. Mafundi wale hawakukubali kusahaulika: wengi waliandika majina yao chini ya kazi, na la Mallitamma linaonekana mara nyingi.

Mahekalu ya Dilwara, kwenye mlima Abu huko Rajasthan, ni marumaru tupu, na hapo udhuru wa jiwe laini haupo. Masimulizi ya huko yanasema mafundi walilipwa kwa uzito wa vumbi walilolisugua kutoka kwenye jiwe. Iwe kweli au la, ukiinua macho kwenye yale mayungiyungi yanayoning'inia darini utaona kwa nini watu walihitaji hadithi.

## Kwenye nguo, chuma na sakafu

7. Lile umbo la kanga tunaloliita korosho, ni la Kihindi?

Ndilo. Sisi tumeona korosho. Wahindi wa kaskazini wameona embe na kuliita ambi, Wamarathi embe bichi, Watamil embe pia. Waingereza waliliita kwa jina la Paisley, mji wa Uskoti ambao viwanda vyake viliiga shali za Kashmir karne ya 19. Kila mtu alilitazama akaona kilichopo shambani kwake, isipokuwa Mwingereza aliyeona kiwanda.

Kashmir kwenyewe halikuanza kama tunda. Kwenye shali za zama za Mughal lilikuwa mche mzima wa ua, na shina na mizizi, wa jamaa moja na maua yaliyochongwa kwenye kuta za Taj. Miaka ilivyosonga mche ukanenepa, ukajaa maua madogo ndani, ncha ikainama upande mmoja, mizizi ikapotea.

8. Patola ni nini, na kwa nini bei yake inatisha?

Patola ni hariri ya mji wa Patan, Gujarat. Kitambaa cha kawaida cha nakshi hufumwa kwanza na kuchorwa baadaye, au hufumwa kwa nyuzi za rangi mbalimbali. Patola kinyume chake: nyuzi za mtande na za mshindio zote mbili hufungwa mafundo na kutiwa rangi kabla hazijafika kwenye kitanda cha mfumi, kwa hesabu kwamba zitakapokutana, nyekundu itaangukia nyekundu na ndovu atatokea. Uzi ukihama kidogo, mfumi huusogeza kwa sindano. Sari moja huchukua miezi, na nyingine hukaribia mwaka. Familia za Salvi ndizo zinazojulikana kwa kazi hii. Wagujarati husema nakshi ya patola huchanika lakini haipauki.

Ukiwa Patan, shuka Rani ki Vav, kisima cha ngazi cha karne ya 11 ambacho malkia Udayamati alikijenga kwa kumbukumbu ya mumewe. Katikati ya miungu na wasichana wa mawe kuna mabamba ya maumbo ya mraba na maua yanayojirudia, na mwenyeji yeyote atakuonyesha kwa kidole: hii ni patola. Ni jibu la swali la 2, safari hii ukiwa umesimama nalo uso kwa uso.

9. Ajrakh hutengenezwaje?

Kwa subira na kwa maji. Ni pamba inayochapwa kwa mihuri ya mbao, kazi ya Wakhatri wa Kutch na ndugu zao wa Sindh, Pakistani. Mihuri huchongwa kwenye msaji, na kijiji cha Pethapur huko Gujarat kinajulikana kwa wachongaji wake. Ukishika muhuri mmoja, utaona ni mzito kuliko ulivyodhani, umenuka mafuta, na umbo lake ni jali ndogo kabisa (swali la 4).

Kitambaa hulainishwa kwa mafuta na samadi ya ngamia, hufuliwa, hutiwa maji ya tunda la harda hadi kiwe manjano hafifu. Kisha huchapwa kwa uji wa chokaa na gundi. Uji huo hauna rangi; kazi yake ni kukinga, ili palipochapwa pabaki peupe. Rangi nyeusi hutoka kwenye vyuma chakavu vilivyoozeshwa na sukari guru kwa siku kadhaa, ikakazwa kwa unga wa kokwa za ukwaju. Panapotakiwa wekundu huchapwa shabu, ambayo wakati huo haionekani kitu. Kitambaa hutumbukizwa kwenye pipa la nili, hutoka kijani, na mbele ya macho yako hugeuka buluu kinapopata hewa. Hatimaye huchemshwa kwenye rangi ya mizizi, na ile shabu iliyojificha inajitokeza nyekundu. Kati ya hatua na hatua kuna kuosha na kuanika. Mafundi hupenda kulitafsiri jina lake kama "iache leo", na ukiwatazama unawaelewa.

Maji ndiyo bwana wa kazi hii. Baada ya tetemeko la Januari 2001 maji ya kijiji cha Dhamadka yaliharibika kwa kazi ya rangi, na mafundi wengi wakahamia kijiji kipya karibu na Bhuj, wakakiita Ajrakhpur.

Vipande vya pamba ya Gujarat iliyochapwa kwa namna hii vimefukuliwa Fustat, Kairo ya kale. Yaani biashara ya vitambaa hivi kuvuka bahari ni ya zama za kati.

10. Vyombo vyeusi vyenye maua ya fedha vinatoka wapi?

Bidar, Karnataka, vinaitwa bidri. Ni zinki iliyochanganywa na shaba kidogo, ikachorwa na kutiwa njumu za fedha. Weusi wake hutoka kwenye udongo wa ngome kuukuu ya Bidar, unaochemshwa na chumvi maalumu. Huigeuza zinki kuwa nyeusi na kuiacha fedha ilivyo. Fundi huuonja udongo kwa ulimi kujua kama unafaa.

11. Michoro ya unga mlangoni nayo ni nakshi?

Kwa nini isiwe? Kolam ya Tamil Nadu huchorwa alfajiri kwa unga wa mchele, na wanawake. Huwekwa vitone kwanza, kisha mstari unavizunguka bila kukigusa hata kimoja. Kufika jioni imekanyagwa, sisimizi wamekula, na kesho inaanza upya.

12. Na zile picha za Madhubani za kwenye karatasi?

Zilikuwa za ukutani. Wanawake wa Mithila, Bihar, walichora kuta za nyumba, hasa chumba cha maharusi. Ukame wa katikati ya miaka ya 1960 ulipoleta njaa, serikali iliwagawia karatasi ili wachore na kuuza. Ukuta ukageuka kuwa bidhaa ya kubeba. Wengine husikitika, ila fedha zilikwenda mikononi mwa wachoraji.

## Yanayochanganya watu

13. Nimeona alama ya Wanazi kwenye hekalu. Imefikaje huko?

Haikufika, imekuwepo maelfu ya miaka. Ni swastika, na neno lake la Kisanskriti limetokana na heri. Wahindu, Wajaini na Wabudha huichora kwenye vizingiti, daftari za mahesabu na kadi za harusi kutakia baraka. Chama cha Hitler kiliichukua mwaka 1920. Kwa Mhindi kuiweka mlangoni ni sawa na sisi kuandika bismillahi. Ila ukibeba kitambaa chenye alama hiyo kwenda Ulaya, kumbuka kwamba Ujerumani imepiga marufuku alama za Kinazi, na huko wapo ambao wakiiona wanakumbuka wafu wao.

14. Nyota ya pembe sita kwenye kaburi la mfalme Humayun, Delhi: Wayahudi walihusika?

Hapana. Pembetatu mbili zilizopandana ni umbo ambalo kila mwenye bikari hulifikia. Wahindu wanalo, Waislamu wanalo, na hata kanisani utalikuta.

15. Milango ya Zanzibar ni ya Kihindi?

Baadhi. Ile ya mitaa ya maduka, yenye mbao nyingi ndogo zinazokunjwa, inaitwa ya Kigujarati na jina linastahili. Ile yenye tao la nusu duara na maua yaliyojaa ni ya mwisho wa karne ya 19, na mkono wa India unaonekana wazi. Ya zamani zaidi ina kizingiti cha juu kilichonyooka na desturi ya pwani na ya Waarabu. Kwa roshani, katazame ile zahanati kuukuu ya Tharia Topan mbele ya bandari, iliyoanzwa mwaka 1887.

Kuhusu hadithi kwamba njumu za shaba za milango ya Unguja ziliwekwa kuzuia tembo: India kweli ilikuwa na misumari mirefu yenye ncha kwenye malango ya ngome, kama Shaniwar Wada ya Pune, kuzuia tembo wa vita wasisukume kwa vipaji vya nyuso. Unguja hakukuwa na tembo wa kuzuiwa. Kilichokuwa ulinzi kule kilibaki urembo tu huku, na watalii wanaipenda hadithi, kwa hiyo haifi.

## Kununua, kutunza, kuiga

16. Nitajuaje kitambaa kimechapwa kwa mkono?

Geuza nyuma kwanza. Rangi ya asili hupenya. Kisha tafuta mahali muhuri mmoja ulipokutana na mwenzake: lazima pawe na kupishana kidogo, mstari unene kidogo. Ukikagua mita mbili na usione kosa hata moja, hiyo ni mashine. Mimi niliwahi kuuziwa "ajrakh ya mikono" kwa bei ya mikono, nikaikagua nikiwa nimekwisha kulipa. Nyuma palikuwa peupe kama sanda.

Patola ya kweli inafanana pande zote mbili. Bandhani mpya huwa na vinundu vya mafundo, na wauzaji wengine huacha uzi makusudi ili uone. Na sinia ya "marumaru" ya Agra, jaribu kwa ukucha mahali pa siri: ikikwaruzika ni jiwe la sabuni. Marumaru ya Makrana ikimulikwa tochi kwa nyuma hupitisha mwanga, na akiki huwaka kama kaa.

17. Nifueje?

Peke yake, kwa maji baridi, bila dawa ya madoa. Anika kivulini. Nili itachuja mara chache za mwanzo, usitishike.

18. Nikiiga nakshi hizi kwenye mlango au gauni, ninavunja sheria?

India ina sheria ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika 2003, inayosajili bidhaa kwa mahali zinapotoka. Patola ya Patan na bidri zimo. Kinacholindwa hapo ni jina. Chonga yungiyungi lako. Usiuze kitambaa cha kiwanda ukakiita Patan Patola. Mchoro mpya wa msanii aliye hai ni suala jingine, muombe.

19. Nina siku tatu tu. Niende wapi?

Ahmedabad. Siku moja makumbusho ya vitambaa ya Calico, na uombe nafasi mapema kwa kuwa watu huingizwa wachache. Siku moja Patan, asubuhi kisimani, mchana kwa wafumaji. Siku ya mwisho tembea mji mkongwe utazame roshani za mbao, na msikiti wa Sidi Saiyyed uache hadi alasiri. Kibla ya India ni magharibi na jali ziko ukuta wa kibla, kwa hiyo jua likiteremka lile tawi la jiwe huingia ndani na kulala sakafuni. Kaa nyuma ya safu, usikatize mbele ya wanaosali.